Mashine ya kuoshea vyombo haisugui: ndani kunafanyika nini, na uguse nini kabla ya kumwita fundi

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha kati ya watu wenye mashine ya kuoshea vyombo, uliza swali moja tu: vyombo visuuzwe kabla ya kuingizwa, au visisuuzwe? Wapo watakaoapa kwamba bila kusuuza kwanza ni kazi bure. Wengine watakuuliza, kama unaviosha mwenyewe, mashine uliinunua ya nini? Ubishi huo ukipoa yatafuata mengine: chumvi ni ujanja wa wauzaji, programu ya saa tatu inakula umeme, siki ni dawa ya kila kitu, mashine inafuja maji. Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake, mengi hayana. Na si ajabu, maana mlango ukishafungwa hakuna anayeona kinachoendelea.

Tuanze na msamiati, kwa sababu bila huo hata kuzungumza na fundi ni shida. Chini kabisa ya mashine kuna kishimo kinachokusanya maji. Juu ya kishimo hicho kuna kichujio, kwa kawaida kopo la wavu linaloingia kwenye sahani ya chuma yenye matundu. Kuna pampu mbili: ya mzunguko, inayosukuma maji juu kwenye vyombo, na ya kutolea, inayoyafukuza nje. Kuna hita ya kupasha maji moto. Kuna mikono ya kunyunyizia, ile mirija bapa yenye vitundu chini ya kila rafu. Kuna vali ya kuingizia maji, kasha la sabuni mlangoni na, katika mashine nyingi ingawa si zote, chombo cha chumvi chenye kifuniko cha kuzungusha chini ya sakafu ya mashine.

Ukiwasha, vali inafunguka na kuingiza maji kidogo, lita tatu au nne hivi. Hapo ndipo wengi huduwaa, kwa sababu mashine haijai maji. Maji hayo machache yanapashwa moto, pampu inayapandisha kwenye mikono, yanachomoka kupitia vitundu, yanagonga vyombo, yanadondoka chini, yanapita kwenye kichujio, kisha yanavutwa tena juu. Maji yale yale yanazunguka hivyo mara nyingi mno kabla ya kutupwa na kuingizwa mengine. Mikono nayo haina mota: vitundu vyake vimetobolewa kwa pembe, na kani ya maji yanayotoka ndiyo inayoizungusha. Awamu zenyewe ni suuza ya kwanza, kuosha kwa sabuni, suuza moja au mbili, suuza ya mwisho kwa maji ya moto, halafu kukauka. Mashine ya kisasa inamaliza yote hayo kwa takriban lita 10 hadi 15.

Wazo la kuosha kwa msukumo wa maji si geni. Mwaka 1850 Joel Houghton wa Marekani alipata hataza ya mashine ya mbao iliyozungushwa kwa mkono na kurushia vyombo maji, ila haikufanya kazi ya maana. Aliyelipatia jambo hili ni Josephine Cochrane, Mmarekani pia, aliyepata hataza yake mwaka 1886. Vyombo alivipanga kwenye vishikizo vya waya vilivyotengenezwa kwa vipimo vyake, na usafi akauachia msukumo wa maji badala ya brashi. Mashine zake zilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Mpaka leo msingi ni ule ule.

Nguvu nne, na kila moja inatoa mchango wake

Kama hakuna brashi, uchafu unatokaje? Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner aliueleza usafishaji wowote kama kazi ya vitu vinne: kemikali, joto, muda, na nguvu ya kusukuma au kusugua. Ukipunguza kimoja, sharti uongeze kingine. Anayeosha kwa mkono anategemea zaidi nguvu ya kusugua. Joto haliwezi kuzidi lile ambalo ngozi inavumilia, na sabuni haiwezi kuwa kali. Mashine imegeuza hesabu hiyo. Kusukuma kwake ni kwa wastani tu, lakini ina muda, ina joto, na ina sabuni ambayo mikono yako isingeiweza.

Nimetumia nafasi kueleza hili kwa sababu karibu kila lalamiko kuhusu mashine hizi linarudi hapa. Vyombo vikitoka vichafu, ujue kimoja kati ya vinne hivyo hakikufika. Ama maji hayakufika kwa nguvu, ama hayakupata moto, ama sabuni haikufanya kazi yake, ama ulichagua programu fupi mno kwa uchafu uliokuwepo. Ukijua kipi kimekosekana, nusu ya ufundi umeshaumaliza.

Sasa turudi kwenye ubishi wa kusuuza. Sabuni nyingi za mashine za siku hizi zina vimeng'enya: vya aina moja hukatakata protini, kama ya yai au maziwa, na vya aina nyingine hukatakata wanga. Vimeng'enya havina haja ya maji yanayochemka. Vingi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 50 hivi, na joto kali sana huviua. Kwa hiyo mabaki membamba yaliyogandia kwenye sahani ndiyo kazi vilivyotengenezewa. Jambo la pili ni kwamba mashine nyingi zina sensa inayopitisha mwanga ndani ya maji kupima yalivyo na tope. Ukiingiza vyombo ulivyokwisha kuvisuuza mpaka vikang'aa, sensa inaona maji safi, inaamini kazi ni ndogo, na inafupisha au kupoza programu. Kisha kile kijiko kimoja chenye mafuta ulichokisahau kinatoka kama kilivyoingia, na lawama inatupiwa mashine.

Hiyo haina maana ya kuingiza sahani yenye mifupa. Kwangua, usisuuze. Mifupa, mbegu, maganda, vijiti vya meno na karatasi za kubandikwa kwenye chupa viende kwenye pipa la taka, kwa sababu hakuna kimeng'enya kinachoyeyusha mbegu. Kama vyombo vitakaa siku nzima vikisubiri mashine ijae, washa programu fupi ya suuza ya maji baridi badala ya kusimama kwenye sinki bomba likitiririka.

Sabuni, chumvi na kile kimiminika cha tatu

Watu hukoroga vitu hivi vitatu wakidhani ni kimoja. Kila kimoja kina kazi yake.

Sabuni ya mashine ni kali, ina alkali nyingi, na imetengenezwa isitoe povu. Ndiyo maana huwezi kuibadilisha na sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Povu likijaa, pampu inavuta hewa badala ya maji, mikono inazunguka kivivu au inasimama kabisa, na mapovu yanaanza kuchungulia chini ya mlango. Likishakutokea, zima, toa maji, kausha povu kwa taulo uwezavyo, mimina siki kidogo ndani ili kulivunja, kisha endesha suuza tupu. Kwa ukali wake huo huo, sabuni ya mashine iwekwe mbali na watoto.

Kidonge cha sabuni kiwekwe kwenye kasha lake, si ndani ya kikapu cha vijiko. Kasha hufunguka baada ya suuza ya kwanza. Ukikitupa chini, kinayeyuka katika suuza hiyo na kutupwa na maji yake, na awamu ya kuosha yenyewe inakosa sabuni. Kuongeza kidonge cha pili hakusaidii chochote ila kuacha mabaki ya unga.

Chumvi ndiyo inayochanganya wengi kuliko vyote. Maji magumu ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Yakipashwa moto huacha chokaa, yale magamba meupe unayoyaona ndani ya birika, na yanapunguza nguvu ya sabuni. Mashine nyingi zina kilainishi cha maji: chombo chenye punje ndogo za plastiki maalumu ambazo zimeshika ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za sodiamu. Fikiria basi ambalo viti vyote vimekaliwa na sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu wanapanda na kuwasimamisha sodiamu, ambao wanashuka na kuendelea na safari ndani ya maji. Maji yanayoingia kwenye vyombo yanakuwa laini. Baada ya muda viti vyote vimechukuliwa na kalsiamu na basi halimchukui mtu tena. Hapo mashine inasukuma maji ya chumvi kali ndani ya kile chombo. Sodiamu wanakuja kwa wingi mpaka wanawatoa kalsiamu kwa nguvu, na wote waliotolewa wanafukuzwa kupitia bomba la maji machafu. Kwa maneno mengine, chumvi haiji kuosha vyombo hata kidogo. Inakuja kuliandaa upya basi.

Ukishaelewa hivyo, maswali mengine yanajijibu. Chumvi ya mezani haifai kwa sababu ni laini sana, hugandamana, na mara nyingi imeongezwa vitu vya kuizuia kushikana. Inayotakiwa ni chumvi safi ya punje nene ya mashine. Mara ya kwanza kabisa, chombo chake kinajazwa maji kwanza, kisha chumvi, na maji yatafurika kidogo, usishtuke. Jaza chumvi dakika ya mwisho kabla ya kuwasha programu, kwa kuwa chumvi iliyomwagika na kulala juu ya chuma huleta kutu hata kwenye chuma kisichoshika kutu. Na kama mashine yako haina chombo cha chumvi, kama zilivyo nyingi za soko la Marekani, basi usiitafutie pa kuitia.

Je, vidonge vinavyodai kuwa na kila kitu ndani yake vinatosha? Vinategemea maji yako. Ugumu wa maji hupimwa kwa digrii za Kijerumani. Chini ya 8.4 ni laini, zaidi ya 14 ni magumu. Vidonge vingi vya aina hiyo vinajitosheleza mpaka digrii 21. Zaidi ya hapo, chumvi ni lazima. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuiambia mashine ugumu wa maji yao. Kuna mpangilio wake kwenye menyu, na mashine iliyowekewa namba ndogo kwenye maji magumu itaacha chokaa hata kama chumvi imejaa mpaka juu.

Kimiminika cha tatu ni cha kung'arishia, kinachoingia kwenye suuza ya mwisho. Hakisafishi. Kinachofanya ni kupunguza mvutano wa uso wa maji ili yasijikusanye kuwa matone bali yatandazike na kuteleza chini. Matone yaliyokauka ndiyo yanayoacha madoa kwenye glasi. Anayelalamika kwamba vyombo vinatoka vimelowa, swali la kwanza ni kama kasha la kimiminika hiki lina kitu.

Na ule utando mweupe kwenye glasi? Lazima ujue ni upi kati ya miwili. Chovya glasi kwenye siki ya vuguvugu kwa dakika kumi. Ukitoka, ilikuwa chokaa: angalia chumvi na mpangilio wa ugumu. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika, na hakuna dawa ya kukirudisha. Glasi hulika zaidi maji yakiwa laini kupita kiasi, sabuni ikiwa nyingi na joto likiwa kubwa. Tazama kinaya hicho: mtu anaona ukungu, anaongeza sabuni na joto, na anazidi kuziharibu. Tatizo la utando liliongezeka pia baada ya fosfeti, kemikali iliyokuwa ikilainisha maji, kuondolewa kwenye sabuni hizi kwa ajili ya kulinda mito na maziwa. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wake kuanzia mwaka 2017, na majimbo kadhaa ya Marekani yalitangulia mwaka 2010. Fosfeti ilikuwa inaficha makosa mengi ya watumiaji.

Programu ndefu inawezaje kula umeme kidogo?

Hesabu iko kwenye hita. Katika mashine nyingi zinazounganishwa na maji baridi, hita inavuta wati 1,800 au zaidi, ilhali pampu ya mzunguko ya kisasa mara nyingi haifiki wati 100. Kupasha lita 4 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji takriban yuniti 0.14 za umeme. Kuzipandisha mpaka nyuzi 70 kunahitaji kama 0.23, na hapo hatujahesabu vyombo na kuta za chuma ambazo nazo zinapashwa, wala maji ya awamu nyingine. Programu ya kuokoa umeme inakataa joto kubwa, halafu inafidia kwa muda. Ni Sinner yule yule. Saa tatu za pampu kuzungusha maji ya vuguvugu ni nafuu kuliko saa moja ya maji ya moto mkali. Programu ya haraka ya nusu saa ni ya vyombo vyenye uchafu mwepesi ambao haujakauka, basi.

Ila nina angalizo. Anayetumia programu ya joto dogo siku zote atakuta mafuta yanajikusanya kwenye kichujio, mabombani na pembezoni. Mara moja kwa mwezi hivi, endesha programu ya nyuzi 65 au 70.

Kuhusu maji, utafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, uliwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya watu 12 wavioshe kwa mkono; kwa wastani walitumia zaidi ya lita 100. Mashine haikaribii hapo. Lakini tusiwaonee wanaoosha kwa mkono: utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba anayetumia mabeseni mawili, moja la maji moto ya sabuni na moja la maji baridi ya kusuuza, anaweza kuishinda mashine kwa kupunguza gesi joto. Anayefuja ni bomba lililoachwa wazi. Mashine nayo ikiendeshwa nusu tupu, au baada ya kusuuza kila sahani bombani, faida yake inayeyuka.

Kupanga vyombo

Kanuni ni moja: maji yanatoka katikati na chini, kwa hiyo upande mchafu utazame katikati na chini. Bakuli likitazama juu linakuwa kisima cha maji machafu. Vijiko vichanganywe na uma ili visilaliane. Vijiko viwili vilivyokumbatiana havisafiki ndani hata uendeshe mara tatu. Visu vyenye ncha vielekezwe chini. Plastiki ikae rafu ya juu, hasa kama hita ya mashine yako iko wazi chini. Kabla ya kufunga mlango, zungusha kila mkono wa maji kwa kidole. Ukigonga mpini wa sufuria, ndiyo sababu ya rafu nzima kutoka chafu. Tazama pia trei au sahani ndefu isije ikalizuia kasha la sabuni kufunguka. Kidonge kilichokutwa mwishoni kikiwa kizima kwa kawaida kimezuiwa namna hiyo.

Mbao hupasuka, chuma cha kusubu hushika kutu, aluminiamu isiyopakwa kitu hugeuka kijivu cheusi kwa sababu ya alkali, visu vizuri hupoteza makali, na vyombo vyenye nakshi ya dhahabu vitaipoteza. Hivyo vyote viende kwenye sinki. Fedha halisi isigusane na chuma kisichoshika kutu.

Plastiki kutoka na majimaji si hitilafu. Mashine nyingi hukausha kwa kutegemea joto lililobaki kwenye vyombo: mvuke unatoka kwenye vyombo vya moto na kugandia kwenye kuta zilizo baridi zaidi. Sahani nzito inashika joto, kopo la plastiki halishiki. Fungua mlango kidogo programu ikiisha, na utoe rafu ya chini kwanza, maana vikombe vya juu huwa na maji kwenye vitako vyake yanayosubiri kumwagikia vilivyo chini.

Kichujio, na usafi wa mwenye kusafisha

Kama utafanya kazi moja tu ya matunzo, iwe hii. Toa rafu ya chini. Shika kopo la kichujio, lizungushe robo mzunguko kinyume cha saa, livute juu, kisha inua ile sahani ya wavu. Ukiona utelezi wa kijivu wenye harufu ya maji ya sinki lililoziba, umekutana na chanzo cha ile harufu uliyokuwa ukiisingizia sabuni. Kioshe kwa maji moto, sabuni ya kawaida na brashi laini. Brashi ya waya itatanua wavu. Kirudishe na uzungushe mpaka kikaze. Hapa watu hukosea: kichujio kilichokaa upande kinapitisha mbegu na vipande vya glasi moja kwa moja kwenye pampu. Kwa familia inayotumia mashine kila siku, kila wiki moja au mbili panatosha.

Mikono ya maji nayo huchomoka, mingine kwa kuvuta, mingine kwa kufungua kikofia. Itikise karibu na sikio. Ikilia ndani, kuna mbegu. Zibua vitundu kwa kijiti cha meno na usuuze. Futa mpira wa mlango, na hasa ukingo wa chini wa mlango ambao maji ya kuosha hayaufikii. Uchafu hulala hapo miezi.

Siki mara moja moja kwenye mashine tupu haina neno, lakini kuifanya desturi ya kila wiki kunaweza kuchosha mipira. Kwa chokaa kilichokomaa, asidi ya sitriki au dawa ya mashine yenyewe ni bora. Dawa ya klorini usiitumie kwenye mashine yenye kuta za chuma, na kamwe usiikutanishe na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ni sumu.

Ikigoma

Kabla ya mkono wowote kuingia ndani, zima, chomoa plagi au shusha swichi yake kwenye ubao wa umeme, na ufunge bomba la maji.

Maji yamebaki chini. Kwanza, kimaji kidogo safi ndani ya kishimo ni cha kawaida. Yakiwa yamefunika kichujio, yakombe kwa kikombe na sponji, kisha fuata njia yake: kichujio, halafu bomba la mpira la kutolea maji kama limejikunja nyuma ya mashine, halafu lilipoungana na bomba la sinki, mahali panapopenda kuziba kwa mafuta. Bomba hilo la kutolea likiwa halijapandishwa juu kabla ya kushuka, maji ya sinki yanaweza kurudi ndani ya mashine. Mwisho ni pampu ya kutolea. Katika mashine nyingi, ukitoa kichujio unaona kifuniko kidogo kinachobanduka, na nyuma yake feni ndogo ya plastiki. Usiingize kidole bila glavu, kwa sababu kinachoikwamisha mara nyingi ni kipande cha glasi. Ukiizungusha kwa mpini wa kijiko itaruka kwa hatua hatua badala ya kuteleza. Ni sumaku ya mota yake, wala haijaharibika. Ikiwa imekwama kabisa, au inazunguka bila ukinzani wowote, hapo kuna jambo.

Haiingizi maji. Bomba limefungwa? Wavu mdogo mwanzoni mwa bomba la kuingizia umejaa mchanga? Kama hivyo viko sawa, tazama boya. Chini ya mashine nyingi kuna sinia ya kukinga uvujaji yenye boya. Maji yakifika hapo, boya linainuka, mashine inakataa kuingiza maji na pampu ya kutolea inanguruma bila kukoma hata mlango ukiwa wazi. Katika mashine nyingi za Bosch hali hiyo huandikwa E15. Intaneti itakuambia uiinamishe mashine ili sinia imwagike. Itafanya kazi, ni kweli, lakini umenyamazisha kengele huku moto ukiwaka. Tafuta yalikotoka: povu la sabuni isiyofaa, mpira wa mlango uliochoka, mkono wa maji uliopasuka na kurushia mlangoni, au klipu ya bomba iliyolegea.

Haipati moto. Ukifungua mlango dakika 30 au 40 ndani ya programu ya joto kubwa, polepole, unapaswa kukutana na mvuke. Vyombo vikiwa baridi na sabuni ikiwa haijayeyuka vizuri, shuku hita, sensa ya joto au bodi ya umeme. Hapo ndipo mimi naweka bisibisi chini, na nakushauri uweke yako. Vivyo hivyo kama mashine inaangusha umeme wa nyumba kila inapofika awamu ya kupasha: ni dalili ya hita inayovujisha umeme, au maji yaliyofika kwenye nyaya. Usiirudishe swichi na kujaribu bahati tena.

Kwa fundi, eleza dalili na awamu inayotokea, usimpelekee hukumu. Kauli "inaingiza maji, inazunguka, lakini haitoi" inamsaidia kuliko "pampu imekufa". Mwambie na msimbo uliotokea kwenye kioo, pamoja na namba kamili ya modeli, ambayo kwa kawaida imebandikwa kwenye ukingo wa mlango.

Kutengeneza au kununua nyingine? Vichujio, mikono, magurudumu ya rafu, mipira ya mlango na pampu ya kutolea ni vitu vya bei ya wastani, na mashine yenye miaka mitano haistahili kutupwa kwa ajili hiyo. Bodi ya umeme au pampu ya mzunguko iliyounganishwa na hita ni habari nyingine, hasa mashine ikiwa imeshapita miaka kumi na chuma chake kimeanza kutoboka. Kinachoamua mara nyingi ni kupatikana kwa vipuri. Umoja wa Ulaya, kuanzia Machi 2021, unawataka watengenezaji wahakikishe vipuri vya mashine hizi vinapatikana kwa miaka isiyopungua saba tangu modeli ilipouzwa mara ya mwisho, na vile ambavyo mtu anaweza kubadilisha mwenyewe, kama mikono ya maji, vichujio, mipira na rafu, kwa miaka kumi. Popote ulipo, ukinunua mashine mpya au iliyotumika, andika namba ya modeli uitafutie mkono wa maji na pampu ya kutolea kabla hujatoa fedha. Visipopatikana leo, havitapatikana siku vitakapohitajika.